Mali Ikiuzwa Hairudi: Nani Kasema?

Leo mazungumzo yetu ni ya dukani.

Ukiingia duka la vyombo vya umeme, la simu au la spea hapa Ukunda, hebu tazama ukutani nyuma ya kaunta. Mara nyingi utakuta karatasi imebandikwa, imeandikwa kwa kalamu nene: mali ikiuzwa hairudi. Ukipewa risiti, maneno hayo yapo chini kabisa, kwa Kiingereza, yamepigwa chapa na waliotengeneza kitabu cha risiti kabla hata mwenye duka hajakinunua. Tumeyaona tangu utotoni. Ndiyo maana mtu akinunua feni, ikafa siku ya tatu, huisukuma uvunguni na kusema ndiyo bahati yake. Hata dukani harudi, kwa sababu ukuta umeshamjibu.

Basi swali ni hili: maneno yale ni sheria? Mwenye duka anaweza kukataa kupokea mali na kurudisha pesa?

Jibu lina pande mbili, na ugomvi mwingi wa madukani hutokana na watu kuzichanganya. Upande mmoja ni mali mbovu, au mali ambayo siyo ile uliyoahidiwa. Hapo mwenye duka hana ruhusa ya kukukatalia, karatasi iwepo isiwepo. Upande wa pili ni mali nzima, ila wewe umebadili nia: rangi haikupendezi, umeona bei nafuu duka la jirani, au umefika nyumbani mwenzio kagomba. Hapo mwenye duka akikataa, sheria iko naye.

Tuanze na mali mbovu, maana ndiko watu wanakoumia.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Haki hizi zimo katika Sura ya Nne, sura ile ile yenye uhuru wa kuabudu na uhuru wa kusema. Na si maneno ya pambo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisikiliza malalamiko ya mnunuzi wa soda, aliyetaka kujua kwa nini soda za chupa ya kioo hazina maelezo ya lishe. Mahakama ikasema haki za Kifungu cha 46 zimevunjwa, na kampuni za soda hiyo zikaamriwa kutoa maelezo hayo. Soda, wasikilizaji, kitu cha shilingi chache.

Chini ya Katiba kuna sheria mbili za kushikwa vizuri. Ya kwanza ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoko tangu ukoloni na iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo inasema kwamba katika kila mauzo kuna masharti yaliyomo ndani kwa ndani, hata kama muuzaji na mnunuzi hawakuyataja. Mali iwe kama ilivyoelezwa. Ukionyeshwa sampuli, mzigo ulingane na sampuli. Mali inunuliwayo kwa mtu ambaye kuuza vitu hivyo ndiyo kazi yake, iwe na ubora unaouzika. Na ukimweleza muuzaji unachotaka kukifanyia, ukautegemea ujuzi wake, basi kitu atakachokupa kikufae kwa kazi hiyo.

Ya pili ni Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013. Kifungu chake cha 5 kinasema muuzaji anahesabika kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa ina ubora wa kuridhisha. Kisha kinaongeza jambo ambalo wenye karatasi za ukutani huenda hawajalisikia: sharti lolote linalojaribu kuzifuta dhamana hizo, au zile za Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ni batili. Halina nguvu. Kwa hiyo yale maneno ya chini ya risiti, kwa upande wa mali mbovu, ni wino tu.

Nayo Sheria ya Ushindani ya 2010 imeifanya karatasi yenyewe kuwa hatari kwa aliyeibandika. Sheria hiyo inakataza kumpotosha mteja kuhusu dhamana au haki aliyonayo, ama kumwambia kwamba haki hiyo haipo. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10, kufungwa hadi miaka 5, au vyote viwili. Wewe mwenye duka, hebu linganisha hayo na bei ya ile feni.

Sasa tuyashushe haya mpaka kwenye kaunta. Chukua mama wa Mwabungo anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa shule. Hebu tumfuate dukani.

"Mwanangu, nataka friji ya kugandishia barafu za kuuza. Nikiweka jioni, asubuhi ziwe mawe."

"Mama, chukua hii. Hii itakugandishia mpaka uchoke."

Mama analipa kwa till, anakodi tuktuk, friji inafika nyumbani. Inawaka, taa yake nzuri, maji inapoza. Lakini barafu ukwaju mtupu, hazishikani hata baada ya siku mbili. Mama anarudi.

"Mama, friji nzima hii. Si inapoza? Basi. Na ukutani umesoma."

Kijana yule anasema kweli: friji haina kasoro. Ila mama hakuomba friji ya kupoza maji. Alieleza kazi yake, akategemea neno la muuzaji, na kitu hakifai kwa kazi hiyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamruhusu airudishe na adai pesa yake. Lakini sikiliza na upande wa pili: lau mama angeingia dukani akataja mwenyewe jina la kampuni na namba ya modeli, asiulize wala kueleza, ingemwia vigumu kudai kwamba hakikumfaa kwa kazi yake. Kwa hiyo unaponunua, sema. Sema kwa sauti unataka kitu cha kazi gani, na ukiweza iandike kwenye ujumbe wa simu kabla ya kulipa.

Mfano mwingine tunaujua sisi watu wa harusi. Mnakwenda dukani kutafuta sare. Mnaonyeshwa kipande cha kitambaa, mnakipenda, mnaagiza madoti arubaini. Mzigo unakuja, rangi si ile, umepauka. Hayo ni mauzo kwa sampuli. Mzigo usipolingana na kipande mlichoonyeshwa, mna haki ya kuukataa. Na dereva wa tuktuk aliyeambiwa spea ni orijino, fundi akaifungua akakuta ni ya kuigiza, naye ana kesi, kwa sababu mali siyo ile iliyoelezwa.

Hapo utasikia jibu la pili la madukani: "Lakini tulikujaribishia hapa hapa." Ni kweli, feni huchomekwa kwenye soketi ya kaunta, inazunguka, unaridhika, unalipa. Sheria inasema ukiikagua mali, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Feni yenye panga lililopinda, uliiona, ukachukua, nyamaza. Lakini dakika moja ya kuzunguka haiwezi kuonyesha mota itakayoungua usiku wa tatu. Kasoro ya ndani inabaki kuwa ya muuzaji.

Jibu la tatu: "Nenda kwa kampuni, waranti si yetu." Wasikilizaji, pesa ulimpa nani? Uliuziana na duka, hukuuziana na kiwanda kilichoko ng'ambo. Kadi ya waranti ni nyongeza ya haki zako, haichukui nafasi yake. Ukipenda kwenda kwa kampuni itengeneze, nenda, huenda ikawa wepesi. Lakini duka haliwezi kujivua kwa kukuelekeza Mombasa au Nairobi. Na ukikataa mali mbovu mapema, hulazimiki kuchukua pasi badala ya feni kwa sababu tu duka halitaki kutoa pesa. Ukikubali kubadilishiwa, sawa, hayo ni maelewano. Lakini dai lako ni bei uliyolipa.

Neno mapema nimelitaja makusudi. Sheria haimngoji aliyelala. Ukikaa na kitu muda unaozidi ule wa kiasi bila kumwarifu muuzaji kwamba umekikataa, unahesabika umekipokea. Ukishakipokea, haki ya kurudisha inakutoka, unabaki na haki ya kudai fidia ya hasara, na hiyo kuithibitisha ni kazi ngumu zaidi. Sheria haikutaja idadi ya siku. Muda wa kiasi wa samaki si muda wa kiasi wa kabati. Kwa hiyo ukiona kasoro, siku hiyo hiyo piga simu, tuma ujumbe, piga picha, na uache kukitumia.

Na hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani tulikuwa na elimu hii kabla ya Bunge kuwa Bunge. Waliosoma fikihi ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu, wanaijua khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla hajakabidhiwa mali, ana hiari ya kuirudisha. Na kwa Shafi hiari hiyo ni ya haraka. Ukigundua ukanyamaza bila udhuru, imekupita. Tena wanazuoni walishaijadili karatasi ya ukutani. Muuzaji akisema, nakuuzia lakini sina dhamana ya aibu yoyote, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba sharti hilo linamwokoa katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, basi. Feni si mnyama. Na ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni akakuta chini mna maji, tumeisikia misikitini mara nyingi: alimuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione.

Ama kwa aliyebadili nia, dini pia imetofautisha. Muuzaji halazimishwi kuvunja mauzo yaliyokwisha kwa sababu mnunuzi amejuta. Lakini anayekubali kumpokelea aliyejuta ameahidiwa kusamehewa makosa yake Siku ya Kiama. Ni fadhila, si deni. Ndivyo ilivyo na sheria ya Kenya, karibu mstari kwa mstari. Niseme tu, ili mtu asipoteze nauli: kesi ya feni haipelekwi kwa Kadhi. Katiba imemwekea Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali mahakama yake. Mauzo hayamo.

Basi tuuendee huo upande wa pili. Wapo wateja wanaodhani haki ya kurudisha haina mpaka. Mtu ananunua gauni Alhamisi, analivaa harusini Jumamosi, Jumatatu yuko dukani na gauni lina harufu ya udi na pilau, anasema halikumtosha. Mwenye duka akikataa, hajavunja sheria yoyote. Wengine hapa Diani husema, "Wazungu kwao hurudisha chochote." Si hivyo. Uingereza kwenyewe, kitu kizima ulichokinunua dukani ana kwa ana huna haki ya kisheria ya kukirudisha kwa kubadili nia. Maduka makubwa hupokea kwa hiari yao, kuvutia wateja. Ila wanaponunua kwa intaneti ndipo hupewa siku 14 za kughairi. Lakini Waingereza hao hao walipiga marufuku mabango ya kusema pesa hairudishwi tangu mwaka 1976, kwa sababu yanamdanganya mwenye mali mbovu kwamba hana haki. Sisi sheria yao ya 1893 tuliichukua, na karatasi ya ukutani tukaiacha pale pale.

Hapa Kenya sheria ya 2012 ina sehemu yake kwa mauzo ya intaneti. Muuzaji anatakiwa akupe maelezo muhimu kabla hamjakubaliana, na akupe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa. Kwa hiyo wewe unayeuza madera kwa picha za WhatsApp na kutuma mzigo kwa matatu, wewe pia ni mwenye duka mbele ya sheria. Na wewe mnunuzi, kabla ya kutuma pesa hakikisha unajua jina la muuzaji na mahali alipo. Haki bila mtu wa kumdai haikununulii hata mkate.

Mitumba je? Nguo iliyovaliwa haiwezi kutazamiwa kuwa mpya. Pale sokoni unachagua mwenyewe, unageuza, unavuta zipu. Tundu lililokuwa wazi ni lako. Lakini muuzaji akikuapia kwamba simu aliyokuuzia haijawahi kufunguliwa, ukagundua kioo kilishabadilishwa, kuwa ni simu ya mkono wa pili hakumpi ruhusa ya kusema uongo.

Sasa niwasemee wenye maduka, kwa sababu nao wana kilio cha kweli. Duka la Ukunda huchukua mzigo kwa msambazaji wa Mombasa. Kitu kikiharibika, mteja anarudi hapa, na mwenye duka akivuka nacho Likoni, msambazaji anamwonyesha karatasi yake naye. Hasara inamkalia yule mdogo wa katikati. Jamani, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inakulinda na wewe. Ulipomnunulia msambazaji, wewe ndiye uliyekuwa mnunuzi, na ubora unaouzika unamdai yeye akupe, isipokuwa kama mmeandikiana vingine. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi ya msambazaji bila kuisoma, weka ankara zako, na mali mbovu mrudishie mapema. Tatizo lako liko juu yako. Kulishusha kwa mama wa barafu si dawa.

Mteja aliyekataliwa afanye nini? Aanze na risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya karatasi hupauka kwa joto la huku kwetu, basi ipige picha siku ile ile. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, maana unaonyesha siku, saa, kiasi na jina la till. Rudi dukani kwa adabu, uzungumze na mwenye duka mwenyewe, si kijana wa kaunta ambaye hana uwezo wa kutoa pesa. Akikataa, mwandikie ujumbe mfupi: nilinunua kitu fulani, siku fulani, kwa bei fulani, kasoro yake ni hii, nimekikataa, naomba pesa yangu. Ujumbe huo ni ushahidi.

Wazee na chifu wakiweza kuwapatanisha, heri. Katiba yenyewe inahimiza upatanisho. Ikiwa mali ni duni, lalamika kwa shirika la ubora wa bidhaa, KEBS. Kabla hata ya kununua, unaweza kutuma namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwenda 20023, ikitanguliwa na herufi SM na alama ya reli, ukajibiwa kama kibali ni halali. Ikiwa duka linapotosha watu, lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani.

Na ikibidi mahakama, usiogope gharama ya wakili. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa 2016, na ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Zimeenea, Mombasa ikiwemo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, zikiwemo kesi za mauzo ya bidhaa, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Unaruhusiwa kusimama mwenyewe. Mahakama ya karibu nawe ikiwa haina kitengo hicho, hakimu wa kawaida ana uwezo wa kukusikiliza.

Nimalizie na ombi kwa kila mwenye duka anayenisikiliza, kuanzia barabara kuu ya Ukunda mpaka Kona ya Musa. Ile karatasi ibandue leo. Andika nyingine: kitu kikiwa kibovu, tuletee mapema pamoja na risiti, tutakurudishia pesa yako, ukibadili nia, tuzungumze. Maneno hayo hayakuongezei mzigo wowote ambao sheria haikukutwika tayari, na mteja atakayeyasoma atarudi kwako. Na wewe mnunuzi, feni iliyo uvunguni, ikiwa ni ya wiki hii, itoe, tafuta risiti, nenda. Pesa ni yako, na sheria imeshasema hivyo tangu zamani.